Mume anataka miji minne kwa siku nne, mimi nataka Izamal tu

Ndugu wahariri wa safu ya safari,

Hamjambo? Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mume wangu ni mtu wa Kwale, na makazi yetu ni Houston. Mwezi wa pili mwakani tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Dada yangu amekubali kubaki na watoto kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na hizo siku nne ndizo zilizotuletea ugomvi.

Niliona picha za Izamal, ule mji mdogo wa Wamaya huko Yucatán, Mexico, ambao nyumba zake zote zimepakwa rangi ya manjano. Nikasema twende huko, tulale huko, tutembee kwa miguu, tusikimbizane na mtu. Mume wangu akafungua ramani. Sasa anataka tushukie Cancún kwa sababu tiketi ni nafuu, tukodi gari, tupite Valladolid, magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá, Izamal, Mérida na magofu mengine ya Uxmal, halafu turudi Cancún. Kila usiku mji mwingine. Anasema Izamal ni mji wa saa mbili, na ukishaona kanisa umemaliza.

Nina maswali. Je, ni kweli mji unaisha kwa saa mbili? Gari ni lazima? Sisi hatuli nguruwe, na nimesikia kule kila chakula kina nguruwe, tutakula nini? Halafu pasipoti yangu ni ya Tanzania na yake ni ya Kenya, ingawa sote tuna kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Tutahitaji viza? Bajeti yetu, ukitoa tiketi za ndege, ni dola 900.

Mama Njia Panda, Houston

*

Dada yetu,

Shemeji hajakosea sana. Mtu akishuka kwenye basi la watalii saa sita mchana, akapiga picha kanisani, akanunua soda na kuondoka, Izamal itamwishia hata kabla ya saa mbili. Jua la saa hiyo ni kali, maduka mengi madogo yamefungwa kwa mapumziko, na ukuta wa manjano unaumiza macho. Uzuri wa mji uko kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na anayelala huko ndiye anayezipata saa hizo. Kwa hiyo laleni Izamal, tena usiku zote tatu ikiwa ndege ya kurudi ni ya mchana.

Tukirudi kwenye ramani yake, mzunguko huo wa Cancún, Valladolid, Chichén Itzá, Izamal, Mérida, Uxmal na kurudi Cancún unazidi kilomita 800. Siku ya kwanza na ya mwisho zimeliwa na viwanja vya ndege, hivyo zinabaki siku mbili kamili. Futeni Uxmal na Valladolid bila majuto. Chichén Itzá ibaki, kwani ni kama saa moja tu kutoka Izamal, na Mérida ibaki kwa sababu mtaipita hata hivyo.

Hiyo ni kwa sababu uwanja wenu wa ndege ni Mérida, si Cancún. Kutoka Houston kuna ndege za moja kwa moja, mwendo wa kama saa mbili, na kutoka Mérida hadi Izamal ni kilomita 70 hivi bila kulipia barabara. Tiketi ya Cancún yaweza kuwa nafuu, lakini Izamal iko kilomita 250 na ushei kutoka pale, na barabara ya haraka, ile 180D, ni ya kulipia na haina huruma. Kuna mtego mwingine ambao wageni wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, na saa zake ziko mbele ya Yucatán kwa saa moja, mwaka mzima. Chukulia ndege inaondoka Cancún saa saba mchana. Kwa saa ya Izamal hiyo ni saa sita. Toa saa tatu za uwanjani, toa nusu saa ya kurudisha gari, toa saa tatu za njiani: mnatakiwa muwe barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya mwisho ya sherehe yenu. Mérida, kwa upande wake, saa zake mwezi wa pili ni zile zile za Houston. Hamtagusa hata saa ya mkononi.

Kuhusu viza, msiwe na wasiwasi. Mexico haimdai viza mtalii mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, hata kama pasipoti yake ni ya nchi ambayo kwa kawaida inadaiwa, na Tanzania na Kenya zimo humo. Mwenye viza hai ya Marekani naye anaruhusiwa vivyo hivyo. Anayetoka Dar au Nairobi bila hati yoyote ya aina hiyo ndiye anayehitaji viza ya Mexico. Penye usumbufu ni kaunta ya shirika la ndege: mhudumu anaona pasipoti ya Tanzania, anatafuta viza, haioni, anaita msimamizi. Mkabidhini pasipoti na kadi kwa pamoja tangu mwanzo, kadi halisi na si picha ya simu, kwani ndiyo hiyo hiyo itakayowarudisha nyumbani Jumapili. Mkifika Mérida, tazameni idadi ya siku ofisa wa uhamiaji aliyowapa kabla hamjaondoka dirishani. (Kwa msomaji mwingine ambaye maombi yake ya kadi bado hayajajibiwa: usitoke Marekani bila kibali cha kusafiri kilichotolewa na uhamiaji. Ukitoka bila hicho, kwa kawaida maombi yako huhesabiwa kuwa umeyaacha.)

Gari si lazima. Ndani ya Izamal hamna haja nalo kabisa, na siku mnayolihitaji kweli ni moja, ya Chichén Itzá. Kutoka Mérida kuna mabasi ya daraja la pili hadi Izamal, mwendo wa kama saa moja na nusu, na stendi ya Izamal iko hatua chache kutoka kanisani. Kosa la kawaida ni kwenda kituo kikubwa cha mabasi ya kifahari: Mérida ina stendi zaidi ya moja, kwa hiyo ulizeni dereva wa teksi au hotelini ni ipi ya Izamal siku hiyo, na basi la mwisho linatoka saa ngapi. Treni ya Maya, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, nayo ina kituo cha Izamal, ila vituo vyake vya Izamal na Mérida vyote viko nje ya mji, na kwa safari fupi hivyo mtatumia muda mwingi kwenye teksi kuliko kwenye treni.

Mkiamua kukodi gari, soma bei vizuri. Ile ya dola chache kwa siku mnayoiona mtandaoni mara nyingi haina bima ya kulipa hasara ya mtu mwingine, ambayo kwa sheria ya Mexico ni lazima. Kadi za benki za Marekani zinazojigamba kuwa na bima ya gari la kukodi kwa kawaida hulinda gari lenyewe tu, hazilipii uliyemgonga. Mtaambiwa hayo kaunta, na bei itapanda mara mbili au tatu. Ulizeni kwa maandishi, kabla, bei yenye bima hiyo ndani, na kiasi cha amana watakachozuia kwenye kadi. Sheli za kule zina wahudumu. Hakikisheni mashine imeanzia sifuri kabla hajabonyeza. Na msiendeshe usiku. Kila kijiji kina matuta, mengine hayana alama wala rangi, na baiskeli za magurudumu matatu hutembea bila taa.

Msipokodi, tafuteni teksi Izamal ya kuwapeleka Chichén Itzá na kuwasubiri. Kubalianeni bei ya safari nzima, na saa za kusubiri zikiwemo, jioni ya siku moja kabla. Kwa watu wawili wenye safari moja tu, sisi tungefanya hivyo.

Nendeni Chichén Itzá Ijumaa, si Jumapili. Jumapili wenyeji huingia kwa punguzo au bure, na umati ni mkubwa. Ondokeni Izamal saa moja kasorobo asubuhi, mteremke kusini hadi Kantunil. Hapo barabara ya kulipia inaanzia. Ya bure inapita sambamba nayo kupitia Libre Unión na vijiji vyenye matuta. Geti hufunguliwa saa mbili. Mabasi kutoka Cancún huanza kumwaga watu kama saa nne, kwa hiyo mna saa mbili za raha. Tiketi ya mgeni ina sehemu mbili, ya serikali kuu na ya jimbo, na kwa pamoja inazidi peso 600 kwa kila mtu. Tengeni peso 1,500 kwa wawili, na za maegesho kando. Tunzeni karatasi zote mbili hadi mmeingia. Piramidi kuu hairuhusiwi kupandwa, kwa hiyo shemeji asijiandae kwa hilo. Saa tano mtakuwa mmemaliza, na kabla ya kurudi mnaweza kuoga kwenye cenote mojawapo ya jirani. Yucatán ni mwamba wa chokaa, haina mito juu ya ardhi. Maji yanapita chini, na paa la mwamba likiporomoka shimo hujaa maji baridi, safi: hiyo ndiyo cenote. Mtatakiwa kuoga kwanza kwenye bomba na kutoa losheni yote ya jua, na sehemu nyingi koti la kuelea ni lazima. Vaeni mikono mirefu, losheni acheni hotelini.

Jumamosi ni ya Izamal, na hapa ndipo dada unapopata ulichokitaka.

Anzeni na Kinich Kakmó, piramidi iliyo mitaa michache kaskazini ya bustani kuu, katikati ya nyumba za watu. Kuingia ni bure. Kitako chake ni karibu mita 200 kwa 180, na kilele chake kiko mita 34 hivi. Hii mnaipanda. Ngazi za chini ni pana, halafu mnafika uwanja mpana wenye nyasi ambao wengi hudhani ndio mwisho, wakapiga picha na kushuka. Vukeni huo uwanja: piramidi ya pili imekaa juu ya ya kwanza, nyuma kabisa. Ngazi za huko ni nyembamba, mawe mengine yanacheza, na hakuna kamba ya kushika. Raba zenye soli ya kung'ata, si ndala. Shukeni kwa upande, mguu ukilala wote juu ya jiwe. Juu mtaona tambarare ya msitu mpaka macho yachoke, na kanisa la manjano chini yenu. Picha za machweo mnazoziona mtandaoni zisiwadanganye, maana geti huwa linafungwa kama saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu. Nendeni asubuhi, geti linapofunguliwa.

Kisha nyumba ya watawa ya Mtakatifu Antonio wa Padua. Wafransisko waliijenga kati ya 1549 na 1561 juu ya kitako cha piramidi nyingine, Pap-hol-chac, kwa mawe ya piramidi yenyewe. Ndiyo maana mnapanda mteremko kuifikia ingawa mji mzima ni tambarare. Uwanja wake umezungukwa na matao 75. Msiishie katikati kupiga picha; tembeeni chini ya matao taratibu mkitazama kuta na nguzo, kwani kuna mawe yenye nakshi za Wamaya yaliyopachikwa humo kama mawe ya kawaida. Aliyesimamia ujenzi huo, Diego de Landa, ana sanamu nje, kwenye kiwanja kidogo. Ndiye aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwezi wa saba 1562, na ndiye huyo huyo aliyeandika habari nyingi za Wamaya tunazozitegemea leo. Kuhusu rangi, wengi husema mji ulipakwa manjano kwa ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Agosti 1993. Kukiwa na misa, kaeni nyuma au msubiri nje. Dada, kanga begani inatosha.

Mchana laleni. Jioni kaeni bustanini. Vigari vya farasi viko pale, farasi wamevishwa kofia zenye maua. Ulizeni bei na urefu wa mzunguko kabla ya kupanda, na wapiteni wale ambao farasi wao amekonda. Wazee wengi wa mji huzungumza Kimaya nyumbani. Ukimwambia mama muuzaji "Bix a beel?", yaani hali yako, atakujibu "Ma'alob", njema, na bei huwa inalainika kidogo. Picha za watu ombeni kwanza.

Sasa chakula, kwani hapa ndipo panapohitaji macho. Ni kweli nguruwe yuko kila mahali, na mara nyingi hajatajwa kwenye menyu. Cochinita pibil na poc chuc ni nguruwe wazi, hayo mtayaepuka kirahisi. Yanayonasa watu ni mafuta. Maharage meusi ya kupondwa hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo panucho, ile chapati ndogo ya mahindi iliyojazwa maharage na kukaangwa, msiile hata kama juu ina kuku, mpaka mmeuliza. Tamali nazo (unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani) hukandwa kwa mafuta hayo hayo. Relleno negro inaandikwa bata mzinga, lakini ndani ya mchuzi mweusi huwamo donge la nyama ya nguruwe ya kusaga. Semeni mambo mawili, si moja: "sin puerco", bila nguruwe, halafu "sin manteca", bila mafuta ya nguruwe. Mkisema la kwanza tu, mpishi ataondoa nyama na kubakiza mafuta kwa moyo mweupe kabisa.

Kinachobaki ni kingi. Papadzules: chapati laini za mahindi zinachovywa kwenye rojo la mbegu za maboga, zinajazwa mayai ya kuchemsha, juu mchuzi wa nyanya. Sikil pak, mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa na nyanya ya kuchoma, ya kuchovya. Samaki wa tikin xic aliyepakwa zingifuri na maji ya danzi. Shemeji wa Kwale akiiona rangi ile nyekundu ataijua mara moja, kwani mbegu zake ndizo bixa za kwao. Sopa de lima ni supu ya kuku au bata mzinga, na pollo pibil ni kuku wa viungo hivyo hivyo aliyefungwa kwa majani ya mgomba. Lakini kuku wa kuchinjwa kihalali hamtampata Izamal, kwa hiyo kama mnashika hilo, kaeni kwenye samaki, mayai na mboga. Pilipili ya habanero huletwa pembeni kwenye kibakuli, kijani na isiyo na vitisho. Gusa kwa ncha ya uma. Usiku bustanini huwa kuna mkokoteni wa marquesita, mkate mwembamba mkavu unaoviringishwa na jibini ya Kiholanzi iliyokunwa. Jibini na maziwa matamu pamoja, msibishe, onjeni.

Dola 900 zinawatosha bila kubanwa mkikaa hoteli ndogo ndani ya mitaa mitatu au minne kutoka bustanini. Ulizeni kiyoyozi, na kama dirisha linatazama kanisa, kwa sababu kengele hazijui kuwa mko mapumzikoni. Anwani za kule ni namba tupu: "Calle 31 x 28 y 30" maana yake ni mtaa wa 31, kati ya wa 28 na wa 30. Toeni peso Mérida, na mashine ikiwauliza kama iwabadilishie kwa bei yake, kataeni. Benki yenu itabadilisha kwa nafuu. Ombeni noti ndogo, kwani noti ya 500 sokoni Izamal ni mzigo kwa muuzaji. Bakshishi mezani ni asilimia 10 hadi 15. Dawa ya mbu ya kupaka msiache.

Jumapili rudini Mérida asubuhi. Mitaa ya kati kuzunguka uwanja mkuu hugeuka soko siku hiyo, na shemeji ataupata mji wake wa nne, au tuseme wa tatu. Mkiwa na gari, piteni barabara ya zamani kupitia Tixkokob. Dada, kando ya njia utaona mashamba na magofu ya viwanda vya henequén, ndugu wa karibu wa mkonge wa kwenu, ule ambao Richard Hindorf aliuingiza Tanga 1893. Bandari ya Sisal, iliyoupa mkonge jina lake la kizungu, iko pwani ya jimbo hili hili. Lakini bembea ya kulalia, ambayo Tixkokob inasifika kwa kuisuka, msinunue ya katani, inachoma ngozi. Chukueni ya pamba kwa ndani, au ya nailoni ikiwa mtaifunga uani, kwani pamba ikilowa huoza. Ulizeni saizi ya "matrimonial", ya watu wawili. Ifungueni pale pale dukani, ivuteni mtazame kama nyuzi zimesukwa kwa kubana na kama kamba za ncha ni nyingi na nene, kwani bembea za bei rahisi hukatikia hapo. Na humo hulali kwa urefu, mgongo utapinda. Mnalala kwa mshazari, karibu kukingama.